Luano, Ndjili na deni la viwanja vya ndege: nani alilipa?

Kila mara watu wakikaa kuzungumza juu ya zamani, katika kampi, kwa kilio au mbele ya parcelle, utasikia mmoja akisema: « Wazungu njo walitujengea. » Walijenga reli, walijenga hospitali, walijenga nyumba za wafanyakazi, walijenga Luano. Wazee wanaitika kwa kichwa, vijana wananyamaza, habari inaishia pale. Sisi leo tunataka kuisogeza mbele kidogo. Kujenga, walijenga, hakuna anayekataa. Lakini nani alilipa? Kiwanja cha ndege si nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo mtu anaijenga polepole na mshahara wake. Ni kazi ya franka mingi sana, na franka hizo zilitoka kwa mfuko fulani. Mfuko gani?

Tunauliza si kwa kupenda historia tu. Hata leo, kila msafiri anayepanda ndege katika nchi yetu analipa go-pass, na go-pass iliwekwa ili viwanja vitengenezwe na kupanuliwa. Kwa hiyo swali la nani anapaswa kulipa kiwanja cha ndege ni swali la mwaka huu sawa vile lilikuwa swali la mwaka 1955.

Piste ni kazi ya karieri

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Ndege ya kwanza kutoka Ubelgiji kufika Léopoldville ilikuwa ya Edmond Thieffry, mwaka 1925. Aliondoka tarehe 12 Februari, akafika tarehe 3 Aprili: siku 51. Wakati ule uwanja ulikuwa majani yaliyokatwa, visiki vimeng'olewa, basi. Ndege ilikuwa nyepesi, ikatua mahali popote palipo sawa. Mwaka 1935 Sabena ikaanza safari za kawaida kati ya Ubelgiji na Kongo, na hata hapo viwanja vingi vilikuwa vya udongo.

Baada ya vita mambo yakabadilika. Ndege zikawa kubwa, zikawa nzito, halafu zikaja zile za reaktori. Ndege nzito haitui juu ya majani. Inataka beto nene, tena ndefu. Na hapa kwetu kuna shida nyingine ambayo watu wa Kinshasa hawana: Lubumbashi iko juu, karibu mita 1.300 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na ikipata joto la Oktoba inazidi kuwa nyepesi. Mabawa hayapati hewa ya kutosha ya kushika, mota nazo zinapoteza nguvu, kwa hiyo ndege inapaswa kukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka. Ndiyo maana piste ya Luano inapita kilomita tatu. Ile ya Ndjili, mita 4.700, inahesabiwa kati ya ndefu za Afrika yote.

Wale wanaofanya kazi kwa karieri watatuelewa vizuri kuliko wengine. Kila mita ya piste ni udongo wa kuondoa, changarawe ya kuleta, kumwaga maji, kushindilia, kupima, kushindilia tena, kisha beto. Pembeni mifereji, sababu mvua za Desemba hazina huruma. Halafu mnara, taa, redio, matanki ya mafuta, gari za kuzima moto. Na ukiisha kujenga hujamaliza: beto inapasuka, majani yanaingia, taa zinaungua. Mwenye kulipa mara ya kwanza ni lazima alipe kila mwaka.

Sasa, kwa miaka ya 1950, nani alihitaji piste ndefu namna hii? Sabena ilikuwa imeagiza Boeing 707, na ndege ile isingeweza kutua kwa viwanja vya zamani. Waliopanda ndani walikuwa wakubwa wa serikali, maajenti wa kompani, mapadri, na familia za Wazungu waliokwenda likizo. Baba zetu wakati ule walisafiri na treni ya BCK hadi Port-Francqui, kisha masua. Mtu mweusi kuondoka eneo lake alitafuta kwanza karatasi kwa mkubwa wa territoire. Tunasema hivi si kwa wivu, ni ili hesabu ieleweke: aliyetumia kiwanja alikuwa mmoja, na mwenye mfuko, kama tutakavyoona, alikuwa mwingine.

Sheria ya 1908

Watu wengi wanadhani Ubelgiji ilikuwa inatoa fedha zake na kuzileta Kongo kama baba anayelisha mtoto. Hapana. Ubelgiji ilipoichukua Kongo kutoka kwa Léopold II, bunge la Bruxelles liliandika sheria ya tarehe 18 Oktoba 1908, ile wanayoiita Charte coloniale. Kifungu chake cha kwanza kabisa kinaeleza kwamba Kongo ni mtu mbali na Ubelgiji mtu mbali, kwamba mali na madeni ya pande hizo mbili hayachanganywi, na kwamba madeni ya Kongo yatalipwa na Kongo yenyewe. Wabunge wa Ubelgiji waliogopa. Walijua Léopold alikuwa amekopa mingi, na hawakutaka mkulima wa Flandre alipe madeni ya mfalme. Kwa upande wao ilikuwa akili. Kwa upande wetu ilikuwa na maana hii: tangu siku ya kwanza koloni ilipewa mfuko wake, na ndani ya mfuko ule kulikuwa tayari na deni.

Mfano mmoja unatosha. Katika mapatano yale ya 1908 iliandikwa kwamba mfalme atapewa franka milioni 50 kwa kumshukuru juu ya kazi yake katika Kongo. Na franka zile ziliwekwa juu ya mgongo wa koloni. Yaani waliokatwa mikono kwa ajili ya mpira ndio walioambiwa walipe shukrani. Tuendelee.

Mfuko ulikuwa wa Kongo, lakini mkono uliofungua na kufunga mfuko ulikuwa Bruxelles. Budgeti ya koloni ilipitishwa kila mwaka kwa sheria ya bunge la Ubelgiji. Hakukuwa na bunge hapa hadi 1960. Hakuna mfanyakazi hata mmoja wa Lubumbashi, wa Likasi au wa Kolwezi aliyeulizwa kama anataka piste, urefu gani, bei gani, mkopo wa riba gani. Ukifikiri vizuri utaona ni jambo la ajabu: wakati wa kuamua, Kongo na Ubelgiji ni nyumba moja, wakati wa kulipa, kila mtu na sufuria yake.

Plan ya miaka kumi

Viwanja vikubwa vya miaka ya 1950 viliingia katika ile Plan décennale ambayo waziri wa makoloni Pierre Wigny aliianzisha mwaka 1949. Wazee wengi wanaikumbuka bila kujua jina lake: ndio wakati barabara zilipanuliwa, bandari zikatengenezwa, shule na zahanati zikaongezeka, nyumba za « cité » zikajengwa kwa mistari. Mwanzoni ilikadiriwa kuwa ya franka miliardi 25. Mwishoni ilikuwa imekaribia mara mbili ya hapo. Na sehemu kubwa kuliko zote ilienda kwa usafiri: mto, reli, barabara, viwanja vya ndege.

Zilitoka wapi? Kwa sehemu, kutoka budgeti ya koloni, yaani kodi na ushuru. Kwa sehemu kubwa zaidi, kutoka mikopo. Koloni ilikopa kwa soko la Bruxelles, ikakopa nje. Mwaka 1951 Benki ya Dunia, ambayo ilikuwa bado changa, ilikopesha Kongo ya Wabelgiji dola milioni 40 kwa ajili ya plan hiyo, na siku zilezile ikakopesha Ubelgiji yenyewe dola milioni 30. Ubelgiji ilikuwa mdhamini wa mkopo wa Kongo. Mdhamini, tunajua wote, si mlipaji. Ukimdhamini shemeji yako kwa duka, mwenye duka anaanza kwa shemeji. Riba na deni viliandikwa katika budgeti ya koloni.

Na budgeti ya koloni ilikula nini? Ilikula shaba. Pamba pia, mafuta ya ngazi, almasi, na kodi ya kichwa ambayo kila mwanaume mzima alilipa. Lakini Katanga peke yake ilikadiriwa kuleta karibu nusu ya mapato yote. Ushuru wa madini yanayotoka, kodi juu ya faida ya kompani, na tena gawio kupitia Comité Spécial du Katanga, ambamo serikali ilikuwa na sehemu mbili juu ya tatu. Mwaka 1959 Union Minière ilitoa tani 280.000 za shaba. Tani hizo hazikujitoa zenyewe kutoka Kipushi, Kambove, Ruwe na Musonoi. Waliozitoa ni baba na babu wa watu wanaosoma ukurasa huu.

Kwa hiyo mtu akisema Wazungu walitujengea Luano, tumjibu kwa heshima: mchoro ulikuwa wao, amri ilikuwa yao, ndege zilikuwa zao. Beto ililipwa na shaba, na pale shaba haikutosha, ililipwa na deni lililoandikwa jina la Kongo.

Halafu bei ya shaba ikaanguka. Ilikuwa imepanda sana hadi 1956. Mwaka 1957 ikashuka vibaya. Familia za wafanyakazi wa madini hazihitaji kuelezwa maana yake, zimeliona jambo hilo mara nyingi tangu hapo. Budgeti ya koloni ikaanza kupungukiwa, na mikopo ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Viwanja vilikuwa vinamalizika wakati uleule fedha za kuvilipa zilipokuwa zinakauka. Deni haiozake, watu wetu wanasema, hata mwenye kukopa akihama nyumba.

Kwa wengine ilikuwaje

Je, hivi ndivyo makoloni yote yalivyotendewa? Waingereza nao walianza na fikra ileile: koloni ijilishe yenyewe. Mwaka 1929 wakatunga sheria ya kwanza ya kutoa fedha kidogo za maendeleo kwa makoloni, pauni milioni moja kwa mwaka kwa makoloni yote pamoja. Mwaka 1940, katikati ya vita, wakaongeza hadi milioni tano kwa mwaka, na 1945 wakaahidi milioni 120 kwa miaka kumi. Haikuwa nyingi ukigawanya, lakini kanuni ilibadilika: London ilikubali kwamba anayetawala ana wajibu wa kutoa.

Tusiwasifu sana. Kule Kenya, kiwanja cha Embakasi karibu na Nairobi kilifunguliwa Mei 1958, na katika kukijenga walitumika wafungwa, watu waliokamatwa juu ya vita ya Mau Mau. Serikali ikasema imejenga kiwanja cha kisasa. Upande mmoja wa gharama haukuandikwa katika daftari yoyote: ni jasho la mtu ambaye hakulipwa na hakuweza kukataa.

Lakini kuna kisiwa kimoja ambacho tunaomba wasomaji wakitazame vizuri, sababu habari yake ni ya juzi tu. Ni Sainte-Hélène, katikati ya Atlantiki, kule Napoléon alikofia. Hadi leo ni eneo chini ya Uingereza, na Umoja wa Mataifa bado unaliweka katika orodha ya nchi zisizojitawala. Watu wake ni kama 4.500, pungufu ya watu wa quartier moja ya Lubumbashi. Hakuna shaba, hakuna kobalti. Kufika kule ilikuwa kwa meli moja tu, siku tano au sita kutoka Cape Town. Mgonjwa mzito alingojea meli.

Kwa miaka mingi walijadiliana: nani atalipa kiwanja? Mwaka 2005 serikali ya Uingereza ilisema itajenga. Mwisho wa 2008, fedha za dunia zilipotetemeka, ikasimamisha. Mwaka 2010 serikali mpya ikakubali tena, na Novemba 2011 mkataba ukasainiwa na kompani ya Afrika Kusini. Bei yote: pauni milioni 285,5, kutoka mfuko wa London, si deni juu ya wakaaji. Kazi yenyewe ingewafurahisha watu wa karieri: hapakuwa na mahali sawa pa kutosha, kwa hiyo walipasua mlima na kujaza bonde lenye kina cha karibu mita 100, kama metre cubes milioni nane za mawe na udongo. Kabla ya hapo walipaswa kukata barabara ya kilomita 14 kutoka baharini kupanda juu, ili mashine zifike.

Halafu, aibu. Kiwanja kilikuwa kifunguliwe Mei 2016. Ndege kubwa ya majaribio ilipokuja Aprili, ikakuta upepo unageuka ghafla pale juu ya miamba, mwanzoni mwa piste. Hatari. Kufungua kukaahirishwa, magazeti ya London yakacheka sana. Hapa njo penye somo letu: sababu fedha zilikuwa za London, wabunge wa London waliita wizara iliyohusika, wakaiuliza mbele ya watu wote juu ya nini jambo la upepo halikuonekana mapema, na wakaandika ripoti kali. Ndege za kawaida zilianza Oktoba 2017, na ndege ndogo zaidi, kutoka Johannesburg.

Tunaona mambo mawili. La kwanza: serikali inayotawala mahali inaweza kulipa kiwanja bila kumwachia deni mkaaji, si ndoto, imefanyika. La pili: anayelipa ndiye anayeuliza. Kongo ya 1950 ililipa, lakini haikuwa na mdomo wa kuuliza.

Mtu atatuambia: kisiwa cha watu 4.500 si Kongo, nchi kubwa karibu robo ya Ulaya. Ni kweli. Hakuna taifa ambalo lingelipa kila kitu katika nchi kubwa namna hii. Tena haikuwa vibaya kwamba shaba ya Kongo ijenge Kongo. Tungetaka hivyo hata leo. Ubaya tunaouona ni kwamba kiwanja kililinganishwa na mahitaji ya Sabena na ya utawala, kikaamuliwa na wale wasiolipa, na bili ikaachwa mezani wakati wa kuondoka. Na Ubelgiji yenyewe ilijua kwamba gharama nyingine hazikuwa za koloni. Mwaka 1947 iliunda Fonds du Bien-Être Indigène, ambayo sehemu kubwa ya mali yake ilikuwa ni Ubelgiji kurudisha gharama ambazo Kongo ilibeba kwa ajili yake wakati wa vita. Kumbe njia ya kurudisha ilikuwapo. Kwa viwanja haikutumika.

Siku za mwisho, na mkoba wa Tshombe

Aprili na Mei 1960, baada ya mkutano mkubwa wa siasa, iliitishwa Table ronde ya uchumi huko Bruxelles. Wanasiasa wengi wetu walikuwa mashambani wanatafuta kura. Upande wa Kongo walikaa zaidi vijana, wanafunzi, mbele ya watu waliokuwa wamefanya hesabu za koloni maisha yao yote. Tarehe 27 Juni, siku tatu kabla ya uhuru, Comité Spécial du Katanga ikavunjwa, na kwa kuvunjwa kwake nguvu ambayo serikali mpya ingekuwa nayo ndani ya Union Minière ikapungua. Mali ikaenda upande mmoja, madeni yakabaki upande mwingine.

Wiki mbili baadaye kila mtu akaelewa kiwanja cha ndege ni nini. Tarehe 12 Julai 1960 ndege iliyobeba Kasavubu na Lumumba ilikuja juu ya Elisabethville ikakatazwa kutua. Rais wa nchi na waziri wa kwanza hawakuweza kukanyaga piste iliyoandikwa katika madeni ya nchi yao. Tarehe 17 Januari 1961 ndege nyingine ilitua Luano, na ndani yake walikuwamo Lumumba, Mpolo na Okito, wamefungwa. Usiku ule waliuawa. Desemba 1962 ndege za ONU zilipiga kiwanja cha Kolwezi. Tunayakumbusha haya kwa wale wanaofikiri kiwanja ni kama soko, kitu cha wasafiri na wafanyabiashara tu. Kiwanja ni mlango wa nchi. Anayeshika mlango anaamua nani aingie.

Deni lenyewe lilivutana hadi tarehe 6 Februari 1965, wakati Tshombe, sasa waziri wa kwanza wa Kongo yote, alipotia saini na Paul-Henri Spaak huko Bruxelles. Aliporudi alionyesha watu mkoba, akisema ndani mna portefeuille, yaani hisa za Kongo. Watu wakapiga makofi. Kuhusu madeni, yaligawanywa: mengine Ubelgiji iliyachukua, mengine Kongo, na mengine yakawekwa katika mfuko wa pamoja ambao nchi zote mbili zilipaswa kuulipia kila mwaka. Kwa hiyo miaka mitano baada ya uhuru Ubelgiji ilikubali, kwa saini yake, kwamba sehemu ya deni la koloni lilikuwa lake. Ile sheria ya 1908 ilikuwa imesema hapana, hata franka moja. Sisi tunaona saini hiyo ni ya maana kuliko mkoba.

Na leo?

Mwaka 1972 iliundwa Régie des Voies Aériennes, RVA, na tangu hapo viwanja ni mzigo wa Leta yetu. Miaka ya shida ilipokuja, matunzo yalikwama. Aliyetua Ndjili au Luano miaka ya tisini anajua. Mwaka 2009 ikaletwa go-pass: dola 50 kwa anayekwenda nje, na dola 10 ndizo zilizowekwa mwanzoni kwa safari ya ndani. Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo imetia fedha kwa usalama wa viwanja vikubwa, Luano ikiwamo. Ndjili ilipata jengo jipya la wasafiri mwaka 2015.

Tunatazama mpango huu kwa macho ya familia ya mchimbaji. Wengi wetu hatupandi ndege. Tunaipanda siku ya taabu: mgonjwa wa kupeleka Kinshasa au nje, maiti ya kurudisha nyumbani, mtoto aliyepata shule mbali. Siku hiyo tunalipa go-pass sawasawa na mkubwa wa kompani anayesafiri kila wiki kwa mfuko wa kompani. Wakati huohuo, kobalti na shaba inayotoka Kolwezi, Fungurume na Likasi inalipa redevance kwa Leta, kwa province na kwa entité ya mahali, kadiri ya Code minier iliyorekebishwa mwaka 2018. Kwa hiyo kiwanja kikipanuliwa, sisi tunakilipa mara ya kwanza kama watoa madini, mara ya pili kama wasafiri, na mara ya tatu kama kuna mkopo, kwa watoto wetu.

Kulipa hatukatai. Leta ikiwa ni yetu, mzigo ni wetu, hakuna Bruxelles ya kulaumu tena. Lakini tofauti ya leo na 1955 inapaswa kuonekana mahali fulani, na mahali penyewe ni kwa hesabu. Go-pass ya mwaka mzima kwa Luano ilikuwa ngapi? Ilitengeneza nini: piste, taa, gari la kuzima moto, choo cha wasafiri? Kama kuna mkopo, ni wa nani, riba ngapi, unaisha lini? Kama piste inarefushwa ili ndege za mizigo za makompani zitue zikiwa zimejaa, kompani hizo zinaweka ngapi? Wabunge wa taifa na wa province wana haki ya kumwita waziri na wakubwa wa RVA na kuwauliza hivyo, mbele ya redio, kama wale wa London walivyouliza juu ya upepo wa kisiwa kidogo.

Kikao cha budgeti kinafunguliwa kila mwaka mwezi wa Septemba. Anayemjua mbunge wake ampelekee maswali haya kabla ya siku hiyo, kwa maandishi, na abaki na kopi.